Mashine Huku, Boti Ng'ambo

Jumanne, wiki moja baada ya Idi ndogo ya mwaka juzi, nyoka aina ya moma alimuuma mke wangu Sikudhani kwenye mpunga. Nilimkuta kakaa juu ya tuta, kashika kifundo cha mguu. "Usikimbie, utaanguka," akaniambia, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Kwa kasia, kufika zahanati ni kutwa nzima. Kwa mashine ni kitambo kidogo. Na boti ya wagonjwa tulikuwa nayo. Ila Mwenyekiti Swalehe, anayetawala pande zote mbili za mto, aliigawa kama nguo za marehemu: mashine ikae kwetu, boti yenyewe ikae ng'ambo. Eti hivyo hakuna wa kumwibia mwenzake.

Mashine aliitunza Sadala, jirani yangu.

"Kaka Haruna, shemeji namwonea huruma. Lakini walete boti kwanza. Tukiwapelekea mashine, imekwenda hiyo."

Nikavuka kwa mtumbwi. Ng'ambo boti ilikuwa kwenye mnyororo wa Mustapha, aliyeitunza.

"Leteni mashine kwanza," akasema. "Ninyi nawajua! Mkiipata boti mtaipaka rangi, kesho mnapita nayo hapa mnatusalimia."

Watu wakacheka. Nami nikachekacheka, kwa kubembeleza.

"Mke wangu anavimba, bwana."

"Basi si mlete mashine?"

Nikarudi. Nikavuka tena. Maji yakapwa, tope likatoka, na kila upande niliacha watu wema wamesimama, wananisikitikia, hakuna wa kuanza. Nilipomlaza Sikudhani mtumbwini mwenyewe, weusi ulikwisha kupanda hadi pajani. Alikata kauli tukiwa bado kwenye mikoko.

Matangani Mustapha alivuka, akakaa jamvini kando ya Sadala. Alishindwa kunitazama.

"Mwenyekiti alituambia mmeshapata mteja Kilwa wa kununua vyote viwili," akasema, "mnangoja boti tu."

Sadala akainua kichwa. "Mteja wa Kilwa? Si wenu huyo? Sisi tuliambiwa mmempata ninyi, mnangoja mashine!"

Shule sikusoma, lakini pale nilielewa kwa nini pande mbili zisizoaminiana zinampigia kura mtu yuleyule kila uchaguzi. Kila upande ulimwona ndiye anayeukinga na wa pili.

Naye alikuwepo, na kanzu yake, na kikombe cha kahawa mkononi. Nilimuuliza mbele za watu. Namuuliza hadi leo, nikimkuta msikitini, nikimkuta stendi ya Kibiti:

"Mwenyekiti, huyo mteja wa Kilwa anaitwa nani?"