Ghorofa ya Hasi Tatu

Jengo lile lilikuwa na ghorofa saba kwenda juu na mbili kwenda chini. Mbili tu. Hasi moja kulikuwa na viti vilivyovunjika, vikisubiri mtu wa kuvionea huruma. Hasi mbili kulikuwa na pampu za maji na makabati ya mafaili yasiyojulikana ni ya nani. Chini ya hapo ni zege, na chini ya zege ni udongo.

Fundi wa lifti waliyemwita Robo alilijua hilo kama anavyojua mifuko ya ovaroli lake. Jina alipewa utotoni na dada yake, mwalimu wa hesabu, kwa sababu hesabu za sehemu zilimtoa jasho mpaka machozi yakaona wivu. Jina likamfuata hadi kazini.

Asubuhi hiyo lifti ilikuwa imesahau. Kila betri ya kisanduku cha kuiongoza ilipobadilishwa, ilisahau iishie wapi, na fundi akalazimika kuiambia upya. Juu hakukuwa na shida. Shida ilikuwa chini. Aliyekitengeneza kisanduku kile, ambaye bila shaka hakuwahi kucheza utotoni, hakuridhika kuuliza ghorofa ya mwisho ni ipi. Alitaka fundi akokotoe. Kanuni ilichorwa kwenye kibati, x ikiwa ni ghorofa:

1/3 − x/2 ≤ 4/3

Robo alipiga magoti mbele ya kisanduku, pale ghorofa ya sifuri, akaandika kwa penseli nyuma ya boksi la betri. Alizidisha kila kitu kwa sita ili sehemu zimwondokee: 2 − 3x ≤ 8. Akaihamisha ile mbili: −3x ≤ 6. Akagawanya kwa hasi tatu, na hasi mbili ikajitokeza, ile ile anayoijua. Alifurahi kama mtu aliyeuona mguu wa pili wa kiatu chake, wala hakutazama kingine. Akabonyeza x ≤ −2. Kisanduku kikalia mlio mdogo wa kukubali.

"Robo," dada yake alisema nyuma yake. "Umeacha miwani juu ya friji tena. Hii hapa."

"Inapenda baridi, dada."

"Na goti langu linapenda lifti. Daktari wa meno yuko ghorofa ya tatu. Imepona?"

"Imepona."

"Umehakiki?"

"Nimehakiki."

Alimtazama kwa jicho lile la kusahihisha madaftari. Robo akajifanya anatafuta bisibisi.

"Haya. Nikikwama, nakushtaki kwa mama."

Akaingia, akabonyeza tatu, akampungia vidole viwili kwa utani. Mlango ukajifunga. Juu yake namba ikasomeka 0. Kisha −1. Kisha −2.

Kisha −3.

Robo alivaa miwani. Namba haikubadilika. Simu ya lifti iliyo ukutani ikaita.

"Robo," sauti ya dada yake ilikuwa imetulia mno. "Nilibonyeza tatu."

"Najua."

"Imenipa tatu. Ila si ya upande wetu. Mlango umefunguka. Kuna ukumbi, rangi ya krimu kama huko juu. Kuna ubao wa matangazo, lakini maandishi yamegeuka, kama ya kwenye kioo. Na kuna watu."

"Watu gani, dada?"

"Wa maofisini. Wamepanga foleni, mafaili kwapani. Wametulia, kama darasa lililoambiwa mkaguzi anakuja. Foleni siioni mwisho."

Kando ya sauti yake ikasikika ya mwanamume, laini, yenye adabu zake zote.

"Samahani, mama. Inapanda?"

"Bado, baba," alijibu.

Robo akalisikia neno lile likipokewa na kupitishwa nyuma, mdomo kwa mdomo, likizidi kwenda mbali: bado, bado, amesema bado.

"Funga mlango, dada."

"Unajifunga, unafunguka. Nisomee ulivyokokotoa."

Alisoma mstari kwa mstari kutoka nyuma ya boksi. Alipofika mstari wa mwisho, dada yake akamkatiza.

"Uligawanya kwa ngapi?"

"Hasi tatu."

"Na mdomo wa alama ukaufanyaje?"

Robo akaurudia mstari kwa kidole.

"Weka sifuri mahali pa x," dada yake alisema. "Theluthi moja ni ndogo kuliko theluthi nne?"

"Ndogo."

"Basi hapo ulipopiga magoti ni ghorofa halali. Jibu lako linasemaje?"

Alitazama. Sifuri si ndogo kuliko hasi mbili. Kwa mwandiko wake mwenyewe, sakafu iliyokuwa chini ya magoti yake haikuruhusiwa kuwepo. Ziliruhusiwa hasi mbili, na zote zilizo chini yake, bila mwisho.

"Nilikufundisha una miaka kumi na mitatu." Sasa sauti ilitetemeka. "Ukigawanya kwa hasi, geuza mdomo. Geuza, mdogo wangu. Wanaingia. Kwa adabu, lakini wanaingia."

Robo aligeuza. x ≥ −2. Kisanduku kikakaa kimya kwa muda wa pumzi ndefu, kisha kikalia. Namba ikapanda hadi −2, ikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyostahili. Halafu −1. Halafu 0.

Dada yake alitoka peke yake, ameukumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Robo akamshika mabega yote mawili.

"Wako wapi?"

"Wameshuka hasi mbili. Walinishukuru, mmoja mmoja."

"Si nimegeuza?"

"Umegeuza vizuri, utapata alama zako. Lakini tazama hicho kistari chini ya mdomo. Ndogo kuliko *au sawa na*. Kubwa kuliko *au sawa na*. Hasi mbili imo kwenye majibu yote mawili, Robo. Ni ya kwao na ni ya kwetu."

Robo alikirukia kisanduku, akakiondoa kistari. x > −2. Lifti haitafika tena huko, pampu zikitaka zijitengeneze. Taa ya kuita kutoka hasi mbili ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena, bila haraka, kisha ikazima kabisa.

"Kwa nini uliwaambia bado?" Robo aliuliza.

"Mazoea. Miaka thelathini darasani. Mtoto akiuliza kama amepata, humwambii hapana. Unamwambia bado."

Robo akaanza kucheka, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. Likakatika. Dada yake alikuwa akitazama mlango wa ngazi, pale penye ndoo ya mfagiaji. Ngazi hazina kisanduku. Hakuna aliyewahi kuziwekea kanuni.

Kutoka chini zilikuja nyayo, nyingi, za watu wasio na haraka.

"Hapana," dada yake alisema kwa sauti ya darasani, mbele ya ule mlango.

Nyayo zikasimama. Neno likapokewa, likateremka ngazi kwa ngazi: hapana, hapana, amesema hapana. Kisha ile sauti laini ikauliza, karibu kabisa:

"Kwa leo, mama?"

Robo akamziba dada yake mdomo kabla mazoea hayajajibu.