Mstari Mweusi Kwenye Jiwe la Pangoni

Jiwe lilikuwa na urefu wa mkono wa mtoto, limepasuliwa katikati, na mtafiti alikuwa amekaa nalo miaka minne, muda mrefu kuliko aliowahi kukaa na mwanamume yeyote. Utani huo alijitania mwenyewe, maana katika maabara ile ya chini ya ghorofa hakukuwa na wa kucheka naye. Jiwe liliota pangoni, tone kwa tone, na kila mwaka wa mvua, hata haba, uliliachia tabaka jembamba la chokaa. Kazi yake ilikuwa kuyahesabu.

Mwaka juzi mdogo wake alimpigia simu kutoka shamba la wazazi wao. Mvua ilikuwa imegoma.

"Dada, nihame au nivumilie? Hilo jiwe lako linasemaje?"

Naye, kwa kiburi chetu sisi tuliosoma, akahesabu matabaka ya ukame wa kale, yale membamba kuliko yote, akapata tisa.

"Vumilia. Ni miaka tisa tu, na saba umeshaimaliza."

Akavumilia. Mkewe alishindwa, akachukua watoto akaenda kwao.

Leo asubuhi majibu ya vipimo vya umri wa jiwe yalifika. Katikati ya yale matabaka tisa palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ambao yeye aliudhania uchafu. Kati ya upande wa chini na wa juu wa mstari huo palipita miaka sitini na miwili. Mwaka usio na tone hauachi tabaka, jambo ambalo hata mwanafunzi wake analijua! Pango lilikauka, jiwe likaacha kuota, na yeye, mtaalamu mzima, akahesabu kilichokuwepo tu.

Alipiga simu kabla ujasiri haujamtoroka.

"Mdogo wangu, nilikosea. Ni zaidi ya miaka sitini."



"Huu ndio wa tisa, dada. Nimeshalima, nasubiri kupanda tu."

"Najua. Nisamehe."

"Haya." Hakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko matusi. "Basi nifunge nyumba. Ufunguo nimwachie nani?"

Aliwapitia majirani kichwani, nyumba kwa nyumba, mpaka njia panda. Wote walishahama.

"Usifunge," alisema. "Acha wazi tu."