Damu Ikipenya Plasta

Veneranda alikuwa amehesabu hadi mia mbili na bado hakuachia. Alikuwa amebana kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, na mikono yote miwili ameinyanyua juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa na polisi. Alikaa chini ya mwamba, kamba bado imefungwa kwenye mkanda wa kiunoni.

"Umejisalimisha, shemeji?" aliuliza Obeid. Yeye ndiye aliyekuwa akimshikia kamba. Ni mume wa Damari, mdogo wake Veneranda, na tangu amuoe hajapata kumsemesha shemeji yake bila kumchokoza.

"Nyamaza, unanipotezea hesabu. Naangalia nikifika mia tatu."

"Mia tatu za nini? Nina supaglu mfukoni. Tone moja tu, kidole kimefungwa. Magaga yangu yote nayaziba nayo."

"Kisigino chako ni gome la mti, Obeid. Hiki ni kidole, na ndani kina mchanga. Ukigundisha, umeufungia mchanga nyumba."

Liberatus, aliyekuwa amesimama kando amefumbata mikono, alicheka kidogo. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wapanda miamba kutoka Iringa mjini, mtu mstaarabu, mwenye viatu vya kupandia ambavyo havijachakaa.

"Pole sana, dada Veneranda," alisema. "Basi tufungashe. Mtu akitoka damu, siku yake imekwisha. Ndiyo kawaida."

"Kawaida ya nani?"

"Ya wapandaji. Kila mahali."

"Mimi nachuma nyanya, mwenyekiti. Mikono inachanika kila siku ya Mungu, na sijaona siku iliyokwisha kwa sababu hiyo."

Mia tatu. Aliinua gozi polepole. Damu ilikuwa imekatika.

Walikuwa nyuma ya Ilula, mahali ambapo kelele za malori ya barabara kuu zinasikika kwa mbali kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Mwamba ule ulikuwa na ufa mmoja ulionyooka kutoka chini hadi juu, mita ishirini na tano. Liberatus aliutazama mwezi uliopita, akajaribu mara mbili, akasema haupandiki bila bolti, vyuma vya kukazwa ndani ya jiwe ili kamba ishikwe. Jumamosi angekuja na mashine ya kutoboa na kufunga bolti kumi na moja. Veneranda akasimama kwenye kikao cha kikundi akasema ufa unapokea mikono, mtu anaweza kuibana ndani yake akapanda. Watu waliguna. Wakakubaliana hivi: mtu akiupanda kwa mikono kutoka chini hadi juu kabla ya Jumamosi, bila kuivuta kamba wala kuiegemea, mashine itabaki ndani ya gari. Asipopatikana mtu, watatoboa. Na tundu likishatobolewa kwenye jiwe halizibiki.

Leo ilikuwa Alhamisi. Hakuna mwingine aliyejaribu. Utotoni Veneranda alikuwa akicheza chini ya mwamba huo wakati bibi yake akianika ulezi juu ya jiwe pana, na hakuona kwa nini utobolewe kwa ajili ya mtu aliyejaribu mara mbili.

Alifungua kopo lake la kahawa. Ndani mlikuwa na sabuni, gozi, kikata kucha, mkasi mdogo, plasta ya kitambaa, na daftari dogo lililokunjwa. Daftari alianza kuliandika hospitalini Tosamaganga, mama yake alipolazwa wiki tatu. Hakuwa na kazi nyingine wodini, basi aliwatazama wauguzi wakisafisha vidonda, akaandika walichofanya kwa mpangilio wake. Maji kwanza. Maji mengi kuliko unavyodhani.

Akamimina nusu chupa juu ya kidole, akasugua kwa sabuni, meno ameyauma, akamimina nusu iliyobaki. Punje mbili za mchanga zikatoka. Ngozi iliyoning'inia akaikata kwa kikata kucha, ile iliyokufa tu. Akakausha. Akafunga plasta kwa mshazari, akakunja kidole na kukikunjua kuona kama hakikabwi.

"Na pepopunda?" Liberatus aliuliza. Safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Nilichomwa sindano mwezi wa sita."

"Nina glovu kwenye gari."

"Nikivaa glovu sitalisikia jiwe. Obeid, shika kamba."

Alijua kilichomkata: bapa la jiwe, jembamba kama kisu, theluthi mbili ya njia, mahali ufa unapopanuka. Mara tano aliingiza vidole pale, na mara tano bapa likavila. Alipofika safari hii alisimama, akapumua, akautazama ufa kama anavyotazama tenga la mtu mwingine sokoni. Vidole vilikuwa vyembamba mno kwa nafasi ile. Akaingiza mkono mzima, akakunja ngumi ndani yake.

Ngumi ikajaa, ikashika.

"Ala!" Obeid akapiga kelele huko chini. "Mwenyekiti, umeona hiyo?"

Alipita bapa. Akachomeka chuma cha kubana kwenye ufa, akapitisha kamba, akapanda hatua nne nyingine. Ukingo wa juu ulikuwa mita tatu tu. Ndipo alipoona doa jekundu likitanuka juu ya plasta, na kiganja kikaanza kuteleza.

Ukurasa wa mwisho wa daftari aliuandika mwenyewe, hakuna muuguzi aliyemwambia: damu ikipenya plasta, shuka.

"Nishushe!"

"Malizia!" Alikuwa Liberatus, amesahau ustaarabu wote. "Mita tatu, dada! Malizia!"

"Ulinifukuza nikiwa chini, sasa unanikataza kushuka? Obeid, nishushe."

Alipokanyaga chini alikwenda moja kwa moja kwenye maji. Jua lilikuwa limekaa juu ya vilima. Liberatus alimsogelea, akamshikia chupa bila kuombwa.

"Itabidi uanze chini upya," alisema taratibu. "Na Jumamosi mashine inakuja."

"Ije. Kesho ni Ijumaa."

"Kidole hakitakuwa kimepona."

"Juu ya bapa situmii kidole. Natumia ngumi. Chuma changu nimekiacha pale juu, mtu asikiguse."

Akafunika kidonda kwa gozi safi. Kisha akakata vipande vinne vya plasta vya kesho, virefu kwa ajili ya ngumi, akavibandika ndani ya mfuniko wa kopo ili asubuhi asihangaike na mkasi.

"Saa moja kamili, Obeid. Damari atapanga nyanya mezani sokoni. Mimi maji ya nyanya siyagusi mpaka Jumapili."

"Na mimi nije na nini, shemeji? Supaglu?"

"Njoo na maji. Madumu mawili."