Chupi Zilizobaki Old Moshi

Theodora alivunjika nyonga mwezi wa tatu, alipoteleza kwenye majani ya migomba kihambani, shamba la nyumbani kwake Old Moshi. Alipotoka hospitali, mwanawe Valerian alimpeleka kwake Pasua, mjini Moshi. "Wiki mbili tatu tu, mama, mpaka utembee." Sasa ulikuwa mwezi wa sita. Alitembea kwa gongo hadi barazani, na hapo akasimama, kwa kuwa ngazi nne za kushukia uani alikatazwa.

Hakuna aliyemtendea vibaya. Herieth, mkamwana wake na mama wa mjukuu wake Jovin, alimwogesha, akamkatia nyama vipande vidogo. Hata chupi alimvalisha. Theodora, aliyekuwa mkunga kwa miaka thelathini, aliinua mguu alipoambiwa inua.

Jumamosi asubuhi akasema, "Herieth, leo niletee droo ya nguo zangu za ndani. Nataka kuipanga mwenyewe."

"Nilishaipanga jana, mama. Wewe pumzika."

"Nimepumzika miezi mitatu."

Herieth akaichomoa droo nzima, akamwekea kitandani, akarudi kufua.

Chupi zilikuwa zimeviringishwa vizuri kama chapati. Theodora akazikunjua moja moja. Zile mpya alizonunuliwa na Herieth, zenye lesi kiunoni, akaziweka kando. Zilikuwa nzuri, lakini zilimwachia alama tumboni. Karibu yake akaweka za pamba, pana, zinazofika juu ya kitovu, zenye lastiki iliyolegea. Hizo mtu anaweza kuzitandaza sakafuni, akaingiza miguu, akazivuta juu kwa mpini wa gongo. Alikuwa ameliwaza jambo hilo wiki nzima.

Akafika kwenye moja ya bluu, aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki cha sare ya kazi. Chini yake palikuwa na ya kahawia yenye kiraka, ya kuvaa siku za kuchuma kahawa. Mikono ikatulia.

Alipopelekwa hospitali alibebewa chupi sita. Hizi aliziacha nyumbani, ndani ya sanduku chini ya kitanda.

"Herieth."

Akaja na povu mikononi.

"Hizi zimefikaje hapa?"

Herieth alizitazama. "Baba Jovin alizileta."

"Alileta na nini?"

"Sanduku lote, mama. Liko stoo." Akasita. "Na vyombo."

Valerian aliporudi mchana alimkuta mama yake ameketi vile vile, droo pembeni.

"Shikamoo mama."

"Nani yuko nyumbani kwangu?"

Valerian akavuta kiti. "Mwalimu mmoja na familia yake. Tumewapangisha. Nyumba ikikaa tupu inaharibika."

"Ningerudi mwezi huu."

"Urudi ukae na nani? Daktari amesema usiishi peke yako."

"Uliniuliza?"

Valerian aliziona chupi za mama yake zimetandazwa kitandani, akageuza uso kuelekea dirishani. "Tulisubiri upate nguvu kwanza, ndipo tukuambie."

"Nguvu za kufanyia nini, Valerian?"

Valerian akainuka. Akasema chakula kiko tayari, akatoka.

Theodora akamalizia kazi. Za lesi alizifunga kwenye kitenge ili amrudishie Herieth. Za pamba alizikunja mraba, za kuvaa kila siku mbele, ya kiraka nyuma kabisa. Kisha akaichukua ile ya bluu, akaitandaza sakafuni, akaegemea kitanda.

Mguu wa kushoto uliingia. Wa kulia ulikwama kwenye lastiki, akautoa, akajaribu tena, ukaingia. Akaivuta kwa gongo mpaka magotini. Hapo nyonga ikakataa. Akavuta tena. Jasho likamtoka puani.

Mlango ukagongwa. "Nikusaidie, mama?"

"Ngoja."

Akamsikia Herieth amesimama pale pale nje. Akakaa kitandani, chupi ya bluu ikiwa magotini, akavuta mara ya mwisho, na ya mwisho tena. Nje Jovin na wenzake walikuwa wakicheza mpira ukutani.

"Ingia," akasema.