Harusi kwenye Nguzo ya Kati

Bethia Waddell alikuwa amebakiza kiatu kimoja tu awe bibi harusi kamili, ndipo jirani yao Lilias Gow alipoingia bila hodi, anahema kama aliyekimbizwa na fahali.

"Wamekutana," alisema Lilias.

"Akina nani?"

"Baba yako na mchumba wako."

"Basi vizuri. Waambie waje waoge."

"Wamekutana kwenye nguzo, Bethia."

Bethia alikiweka kiatu chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

Reli ya makaa ya mawe ya Drumshiel ilikuwa njia moja tu, kutoka machimboni juu hadi mferejini, kwenye mashua za mizigo. Mtu yeyote mwenye farasi na mabehewa aliruhusiwa kuitumia. Hapa na pale njia iligawanyika mbili ili watu wapishane, na katikati ya kila sehemu mbili za kupishana ilisimikwa nguzo. Mkikutana kabla ya kufika penye kupishana, aliyekwisha kuipita nguzo huendelea, na mwenzake hurudi nyuma alikotoka, apende asipende. Kanuni nzuri. Ila mabwana walioitunga hawakuwahi kushika hatamu ya farasi maishani mwao, kwa hiyo hawakuandika neno hata moja kuhusu watu wawili kufika kwenye nguzo kwa pamoja.

"Yupi karudi?" aliuliza Bethia, ingawa jibu alilijua.

"Arudi nani? Baba yako kawasha kiko, na Ninian kakalia ndoo. Wako hivyo tangu saa tatu asubuhi."

Sasa ilikuwa saa nane mchana, siku ya mwisho ya Aprili. Kesho ilikuwa Mei, na Mei hakuna aliyefunga ndoa Drumshiel, kwa kuogopa mkosi. Hata mlevi asiyejua leo ni Jumatatu au Alhamisi alilijua hilo. Harusi ikikosekana leo ni hadi Juni. Na Juni nyumba isingekuwepo.

Nyumba hiyo ilikuwa penye kupishana pa juu: vyumba viwili, bomba la moshi lililonyooka, na mlango wa buluu. Kampuni ilimpa mwanamume aliyeoa, akae hapo na mkewe waangalie reli. Bwana Orr, msimamizi, alikuwa amesema waziwazi: saa kumi na mbili jioni atakuwa mlangoni na ufunguo. Asipowaona mke na mume wenye hati ya ndoa, ufunguo unakwenda kwa mwingine. Bethia alilala kitanda kimoja na dada zake watatu, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kufunga mlango bila mtu kuusukuma kutoka upande wa pili. Alimpenda Ninian, hilo lilijulikana. Mlango ule nao aliupenda kidogo.

Alivaa kiatu, akapandisha pindo la gauni, akashika njia ya reli huku manyunyu yakimlowesha.

*

Aliyakuta makubwa. Pale kwenye nguzo Donald, farasi wa baba yake, na Bess, farasi jike wa Ninian, walikuwa wamegusanisha pua. Donald alikuwa akimlamba Bess sikio. Kati ya wote waliokuwepo, ni hao wawili tu waliojiheshimu kama watu wa harusini.

Nyuma ya baba yake ilikuwa imesimama misafara minne ya mabehewa matupu. Nyuma ya Ninian, sita, yote imejaa makaa. Waendesha farasi walikuwa wakiota moto wa makaa yasiyo yao, wanachoma viazi. Mwanamke mmoja wa Kilbrae alikwishafika na pipa la bia, na kila msafara ulikuwa na upande wake wa kushangilia.

"Bibi harusi huyo!" alipaza mmoja. "Bethia, chukua kiazi!"

"Kiazi hicho kipake matope, ukakizike, nawe ukifuate," alisema Bethia, akampita.

Gavin Waddell, baba yake, alikuwa amekaa juu ya gunia, miguu ameinyoosha, kana kwamba reli yote ni sebule yake.

"Baba, rudi nyuma."

"Nirudi wapi?"

"Kule ulikotoka!"

"Mwanangu, reli hii ina miaka mitano. Kwa miaka mitano Gavin Waddell hajarudi nyuma hata hatua moja. Siku ya theluji ile nilikaa hapa siku mbili mpaka jamaa wa Airlie akalia machozi. Leo nirudi kwa sababu ya kijana ambaye nusu ya uso haijaoshwa?"

Kweli, Ninian Haddow alikuwa ameanza kujiosha kwa ajili ya harusi hapohapo kwenye ndoo, maji yakamwishia. Shavu moja jeupe, shavu moja jeusi. Masikio yake makubwa yalikuwa yamewiva kwa hasira.

"Donald katanguliza pua, ndiyo hoja yake yote!" alifoka Ninian. "Pua! Ana pua ndefu, kosa la mama yake hilo, si ushindi!"

"Usimtaje mama wa farasi wangu."

"Kanuni inasema behewa!"

"Kanuni inasema 'atakayepita'. Behewa linapita lenyewe? Lina miguu?"

"Nyamazeni!" Bethia alimshika Ninian mkono, akamvuta pembeni, ila si mbali, maana Ninian aligoma kuiacha nguzo. "Wewe rudi. Tafadhali. Leo tu."

"Nimesharudi nyuma kwa ajili yake mara tatu mwaka huu, Bethia. Nikirudi leo, mbele ya watu wote hawa, basi nitarudi nyuma maisha. Nitarudi mezani, nitarudi kanisani, nitarudi kitandani mwangu akija kulala kwetu."

"Nani kasema atakuja kulala kwetu?"

"Unamjua baba yako."

Alimjua. Alirudi kwa baba yake, akachuchumaa mbele ya lile gunia. Hapo kwa karibu aliona jambo ambalo hakulitarajia. Kiko cha Gavin kilikuwa kimezimika zamani, na mzee alikuwa akikinyonya tu hivyohivyo.

"Baba, kesho ni Mei."

"Najua."

"Itabidi tungoje hadi Juni."

"Juni mwezi mzuri," alisema Gavin, akitazama mbali. "Siku ndefu. Huna haja ya kuondoka haraka hivyo. Nani atanipikia supu ya kabichi? Dada zako wanapika kama wanaosafisha viatu."

Bethia alitaka kukasirika, akashindwa. Alisimama, akapanda tuta la kando ya reli.

*

Mchungaji Purdie, mnene, mwenye koti jeusi na moyo wa upatanishi, alifika saa tisa pamoja na dada zake Bethia, akifuata harusi yake iliyopotea. Gavin na Ninian walimwomba aamue. Mchungaji alipenda sana kuombwa aamue. Aliligawa swali lile katika sehemu saba: kwanza, nini maana ya kupita; pili, kama mnyama aweza kupita kwa niaba ya bwana wake; tatu, wana wa Israeli walipovuka mto, ni mguu wa nani uliotangulia. Alipofika sehemu ya nne watu wawili walikuwa wanakoroma, na Donald amemhamia Bess sikio la pili.

Bethia hakusikiliza. Alikuwa amesimama juu ya tuta, mikono kiunoni, akiitazama misafara sita nyuma ya Ninian, na ng'ambo yake, nusu maili tu, bomba la moshi lililonyooka.

Aliitazama misafara. Akalitazama bomba. Akamtazama mchumba wake, aliyeipa mgongo nyumba yake mwenyewe anapigania kwenda mferejini.

"Mungu wangu," alisema taratibu, "nawapenda wajinga wawili."

Aliteremka tutani.

"Mchungaji! Funga mada. Tunaoana."

"Lini, binti yangu?"

"Sasa. Hapa."

"Relini?"

"Mwaka jana ulimwoza Isobel Muir zizini, na ng'ombe akazaa katikati ya sala. Hapa kuna hewa."

Mchungaji alikubali kwamba kuna hewa. Watu wakaacha viazi wakasogea. Bethia aliwapanga mwenyewe kama anayepanga vyombo: Mchungaji kando ya nguzo, Ninian upande wake wa nguzo, baba yake upande wake, yeye mkononi mwa baba yake. Hakuna aliyeombwa arudi nyuma, kwa hiyo hakuna aliyekataa. Donald na Bess hawakusogezwa. Ibada ikaendeshwa chini ya shingo zao.

"Nani anamkabidhi mwanamwali huyu?" aliuliza Mchungaji.

"Mimi," alisema Gavin, bila kumwachia.

Manyunyu yakanyesha juu ya kitabu.

"Basi mkabidhi."

"Ndiyo namkabidhi. Kijana aje amchukue."

"Siji huko," alisema Ninian. "Amlete."

"Nimlete? Hana miguu?"

Wote wakamgeukia Bethia. Bethia alisimama kama gunia la chumvi. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa mtiifu kiasi hicho.

"Mimi ninayekabidhiwa sijipeleki mwenyewe," alisema kwa sauti ya upole iliyowatisha dada zake. "Si adabu."

"Bwana Waddell," alisema Mchungaji, maji yakimchuruzika puani, "nina mafua. Mpeleke mtoto."

Gavin alimtazama binti yake. Kidevu kilimcheza. Halafu akakitoa kiko mdomoni, akakitia mfukoni, akamshika vizuri mkono, akatembea naye hatua moja, mbili, tatu, akauweka mkono ule ndani ya mkono wa Ninian.

"Mtunze," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Hasira kachukua kwa mama yake. Mdomo ni wangu."

Ninian, kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliitikia kwa kichwa, shavu jeupe na shavu jeusi yote yakilowa.

Mchungaji aliharakisha yaliyobaki. Aliposema "mke na mume," watu walishangilia, na kabla kelele haijatulia Bethia aligeuka.

"Baba. Umesimama wapi?"

Gavin alitazama buti zake. Akaitazama nguzo. Nguzo ilikuwa nyuma yake.

"Nimepita," alinong'ona. Kisha akapiga ukelele ulioamsha waliolala: "Nimepita! Nimepita nguzo! Mashahidi kumi na Mchungaji!"

Upande wake ukalipuka. Ninian akafungua mdomo kusema kwamba mtu si behewa, kwamba kanuni, kwamba pua, lakini mkewe alimkanyaga mguu kwa kisigino kipya cha harusi.

"Geuka nyuma yako," alimwambia sikioni. "Unaona nini?"

"Makaa."

"Baada ya makaa?"

Ninian alitazama. Wazo lilimpanda taratibu, kama mabehewa manne mazito yanavyopanda kilima, lakini lilifika.

"Kanuni ni kanuni," alitangaza kwa sauti kubwa, kifua mbele. "Baba mkwe kapita. Jamani, turudi."

"Thubutu!" Misafara sita nyuma yake iligoma kwa sauti moja. "Na mzigo huu? Mashua inangoja mferejini!"

"Makaa hayo yamelala ardhini tangu kabla ya Nuhu," alisema Bethia. "Yatalala tena hadi kesho. Karamu inapikwa kule juu, uani kwenye nyumba ya mlango wa buluu. Kondoo wawili, jibini, mikate ya shayiri. Wa kwanza kufika anakula figo."

Haijapata kuonekana misafara ikirudi nyuma kwa ari namna ile. Farasi walifunguliwa, wakahamishiwa upande wa pili wa mabehewa. Palipo na utelezi watu walisukuma kwa mabega, na Mchungaji naye, koti limechanika kwapani, akipumua Zaburi kipande kipande. Bethia alipandishwa juu ya makaa ya Ninian kama malkia wa mahali pabaya. Nyuma yao alikuja Gavin na Donald, kichwa juu, akisonga mbele.

Bwana Orr alikuwa mlangoni, saa mkononi, akiwa na uso wa mtu anayesubiri kukatisha watu tamaa.

"Zimebaki dakika nne," alisema. "Hati?"

Mchungaji aliandika juu ya mgongo wa Ninian. Karatasi ilipata vidole vyeusi kumi kabla ya kupata jina hata moja, lakini ilikuwa hati. Bwana Orr aliishika kwa kucha, akaisoma mara mbili, akatoa ufunguo.

Msafara wa Ninian na ile sita ilikwisha kuingia njia ya pembeni. Reli sasa ilikuwa wazi, na Gavin Waddell akapita. Alipita mbele ya nyumba, mbele ya watu wote, taratibu, akipunga kofia, na watu wakampigia makofi kwa moyo maana hakuna aliyewahi kushinda nguzo kwa njia ile. Alikwenda hatua hamsini hivi akifurahia. Kisha harufu ya nyama ya kondoo ikamfikia, kutoka nyuma.

Akasimama.

"Baba!" Bethia aliita kutoka kizingitini. "Chakula tayari!"

"Nileteeni huku!"

"Si mbali, geuka tu!"

"Sirudi nyuma, unanijua!"

"Haya," alisema Bethia. "Usiku mwema."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Mlango uliitika kwa sauti nene, ya kutulia, na hakuna mtu aliyeusukuma kutoka upande wa pili. Akaupenda mno hata akaufungua ili aufunge tena. Akaufunga. Ninian, ambaye alikuwa akitafuta maji ya kuosha shavu la pili, alimwuliza kama kuna tatizo.

"Hapana," alisema mkewe, "najaribu tu."

Alipoufungua mara ya tatu, Gavin Waddell alikuwa amesimama juu ya kizingiti, kofia mkononi, macho juu, anaikagua fremu ya mlango kwa umakini wa fundi.

"Nimekuja kutazama bawaba," alisema. "Mlango wa kampuni huu. Usiwaamini."

"Ulikujaje, baba?"

"Nimezunguka kwa shambani. Sikurudi. Nimezunguka."

"Pita ndani," alisema Bethia, "figo nimekuwekea."