Mche wa Kituo cha Saba

Kila siku ya kazi, saa tatu na robo asubuhi, mama yake Kimbelembele alianza kusuka kikapu. Alikisuka mbele ya wageni kwa dakika kumi na tano, kisha wageni wakahamishiwa kwenye ngoma, kundi jingine likaja, naye akaanza kingine, kwa sababu Meneja alisema wageni hupenda kuona mwanzo. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amemaliza kikapu hata kimoja. Nyumba yao ilijaa vitako vya vikapu hadi mvunguni mwa kitanda.

Kimbelembele mwenyewe aliongoza wageni msituni, ndani ya hifadhi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kumtangulia kila mtu; wageni waliliandika kwenye madaftari yao wakidhani ni la kichifu. Alikuwa na vituo kumi, mzaha mmoja kwa kila kituo, na karatasi ya maelezo aliyotakiwa kuisema neno kwa neno. Kwenye kituo cha saba, penye mawe matatu yenye masizi, karatasi ilisema: "Msitu huu haujawahi kukaliwa na watu."

Mawe hayo yalikuwa jiko la bibi yake. Mama alizaliwa hatua nne kutoka hapo, akatolewa akiwa na miaka tisa, siku walipotolewa wote. Alichotaka ni kurudi kukaa pale kabla hajafa. Kila mwaka aliomba kibali, na kila mwaka fomu ilimuuliza sababu ya kuingia: utalii, utafiti, au kupiga filamu.

"Weka utalii, mama," Kimbelembele alimshauri.

"Nikatalii kwetu? Una wazimu wewe?"

Jumanne moja, kati ya kundi la pili na la tatu, mama alichipua jani kwenye kiwiko. Kufikia Alhamisi yalikuwa kumi na manne, na nyayo zilishaanza kushika ardhi. Meneja alikuja, akatazama, akaagiza mkeka usogezwe juani. Alilalamika kidogo kwamba kasi ya kusuka imepungua.

"Unaumwa, mama?" Kimbelembele aliuliza jioni.

"Nimechoka tu, mwanangu. Ila usinimwagilie maji ya bomba. Yana dawa."

Ijumaa Kimbelembele alimchimbua taratibu, akaifunga mizizi kwa gunia lililoloweshwa, akamsukuma kwa toroli hadi getini. Askari wa geti, mwenye kitambi na mihuri miwili, alifungua kitabu cha kanuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Na leo utanirudisha?"

"Mkazi haruhusiwi, hilo unalijua." Akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Ila mche wa asili unapita. Wewe ni wa asili?"

"Kamuulize mama yangu. Amezikwa humo ndani."

Askari akagonga muhuri.

Alipandwa kando ya mawe matatu. Udongo ulipofika magotini, alishusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana, na baada ya hapo hakusema tena. Mvua zilipokwisha alikuwa mti mzuri, mrefu kuliko paa la ofisi. Wageni waliruhusiwa kumtazama dakika kumi, kwa umbali wa hatua saba, bila kumgusa. Kanuni hiyo ilimhusu pia anayewaongoza.

Siku yake ya mapumziko, Kimbelembele alivaa gauni la kutokea, akaenda getini.

"Wageni wako wapi?" askari aliuliza.

"Sina. Nimekuja kumwona mama."

Askari aliitafuta sababu hiyo kwenye fomu kwa moyo wote. Aliigeuza hata nyuma.

"Dada yangu, hakuna pa kuiandika."

Akampangusia benchi. Kimbelembele alikaa hadi saa sita, kisha akarudi nyumbani kufua.

Kesho yake alifika kituo cha saba na wageni wanane. Meneja alikuwa nyuma yao na nakala ya karatasi, kwa ukaguzi. Mgeni mmoja aliyaona mawe, akauliza kama zamani watu waliishi hapa. Kimbelembele aliyatazama matawi, akamtazama Meneja.

"Msitu huu," alisema, "haujawahi kukaliwa na watu."

Mti ukasonya. Ulikuwa msonyo mrefu, ule ule aliousikia utotoni kila alipovunja kikombe akamsingizia paka.

Wageni waliinua darubini, wakauliza ni ndege gani. Kimbelembele akawatajia ndege mmoja wa kahawia, asiyeonekana kwa urahisi, nao wakaandika. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Akatangulia mbele, kituo cha nane.