Simu Iliyoita Kikoneni

Simu ilipolia, wanunuzi wote dukani waliacha kusema. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na simu ile ya mkononi, nene kama kipande cha muhogo, ilikuwa ya pekee Kikoneni. Wafadhili walimkabidhi Chande mwenye duka ili hospitali iwapate wagonjwa na jamaa zao. Wakaifunga isipige nje, kazi yake kupokea tu. Tangu ifike haikuwa imeleta ila tanzia, na wanawake walikwisha kuanza kulipitia duka mbali.

"Chande, ni sista Immaculate, wodi ya watoto," ilisema sauti ya kibara. "Mama yake Mwero aje hospitali. Haraka sana."

"Kwani mtoto..."

"Mambo ya mgonjwa siruhusiwi kumwambia mtu mwingine. Mwambie mama aje tu, sawa?"

"Nimekuelewa, sista."

Alidhani ameelewa. Pwani mtu hatupiwi kifo usoni. Huambiwa njoo, na aliyelelewa akaleleka hujijazia yaliyobaki. Kuuliza zaidi kungekuwa utovu wa adabu. Tena habari ya namna hiyo haianzii kwa mama. Huanzia kwa wanaume wa nyumba, ili mama apate watu wa kumshika. Chande alifunga duka akashika njia.

Mishi alikuwa barazani kwake akipeta mchele. Jana alikuwa amemwacha Mwero wodini na bibi yake, akarudi kuwatazama wadogo, maana mumewe alikuwa Mackinnon Road na malori.

"Salama, kaka Chande? Simu haijasema kitu?"

"Salama, dada," alijibu, akapita. Moyo ulimuuma, lakini alijiambia kwamba hiyo ndiyo huruma.

Mzee Kibwana, mjomba wa Mishi, alimsikiliza akiwa wima mlangoni.

"Shikamoo, mjomba. Hospitali wamepiga. Wanamtaka Mishi, haraka."

"Wamesema kwa nini?"

"Hawakusema."

"Hawasemi," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Wanaume walichukua majembe wakaenda makaburini, gari la mizigo likatafutwa la kuteremka kuchukua maiti, na wanawake wakaingia kwa Mishi mmoja mmoja, wakaketi bila kusema walichojia. Chande alishika jembe pamoja na wenzake. Kusema kweli alijiona muungwana siku ile.

Kaburi lilikuwa limefika kiunoni simu ilipolia mfukoni mwake.

"Chande, mama yuko wapi?" Sista Immaculate alikuwa karibu kulia. "Mtoto amekwisha damu! Tumepima, ya bibi haimfai, imebaki ya mama. Tunamngoja tangu asubuhi!"

"Yu hai?"

"Yu hai, lakini si kwa..." Sauti ikakatika.

Chande alitoka shimoni akakimbia na udongo wake magotini. Alimkuta Mishi katikati ya wanawake, halii, anazitazama nyuso zao moja baada ya nyingine. Akamwambia mbele ya wote, pumzi juu juu: yu hai, wanataka damu yako. Mishi alisimama bila kutafuta hata viatu. Gari lilikuwa tayari nje, limetandikwa mkeka kwa ajili ya maiti. Akapanda juu ya mkeka ule ule, kisha akamwinamia Chande.

"Sista alisema mwanangu amekufa?"

"Hakusema."

"Alisema nini?"

"Alisema uje."

"Basi mbona hukuniambia nije?"

Gari halikungoja jibu. Liliteremka kuelekea hospitali ya Msambweni huku jua la alasiri likiwa limekwisha kuinama.

Aliporudi makaburini alikuta wanaume wamesimama mbali kidogo na shimo. Kila mmoja alijua kwamba kaburi lililochimbwa halilazwi wazi. Likilazwa wazi hujitafutia mtu. Wala halifukiwi tupu. Mzee Kibwana aliagiza ukatwe mgomba, uvikwe sanda iliyokwisha kununuliwa, uzikwe badala ya mtoto, na Mungu awasamehe.

Kaingu, mchimbaji, alirudi ameukokota mgomba mzima. Akaulaza chini, akashika panga, akamtazama Chande, maana Mwero alikuwa wa kutumwa dukani kila siku.

"Niukate wapi? Mtoto alikuwa akifika wapi?"

Chande aliweka kiganja juu ya kiuno chake, akakishikilia pale.

"Anafika hapa," alisema.